Bata, nguruwe na maji ya bwawa: njia ya mafua ya ndege kuingia uani

Mwezi Oktoba 2024, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, wataalamu wa mifugo walifika kwenye shamba dogo la nyumbani ambalo ndege wake wa kufugwa walikuwa wamekutwa na mafua ya ndege ya aina ya H5N1. Hapo palifugwa pia nguruwe watano. Hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Walipopimwa, wawili wakakutwa na kirusi, na kwa mara ya kwanza Marekani ikawa na nguruwe mwenye H5N1. Maelezo ya idara ya kilimo ya nchi hiyo yalikuwa mafupi: ndege na wanyama wa shamba lile walikuwa wakichangia maji, mabanda na vifaa, na vinasaba vya kirusi vilishabihiana na vile vilivyokuwa vikionekana kwa ndege wahamiaji.

Mjadala wa mafua ya ndege haukosi mshtakiwa. Wapo wanaomnyooshea kidole ndege mhamiaji, wapo wanaomlaumu nguruwe, na wapo wanaoona kosa ni la mfugaji mdogo ambaye kuku wake hujitafutia popote. Ukikifuata kirusi chenyewe hatua kwa hatua, unakuta kila mshtakiwa ana sehemu yake, lakini hatari kubwa huzaliwa pale wanapokutanishwa. Na hukutanishwa kwa urahisi zaidi pembezoni mwa ardhioevu: kando ya ziwa, kwenye kinamasi, kwenye mto unaofurika, kwenye majaruba ya mpunga na mabwawa ya samaki.

Kwao ni majini

Virusi vya mafua vinavyohusika hapa ni vya kundi A. Wenyeji wake wa asili ni ndege wa majini: bata wa porini, bata bukini, shakwe, membe, na wale ndege wa miguu mirefu wanaochokoachokoa tope ufukweni. Sisi tumezoea kuona mafua kama ugonjwa wa pua na kifua. Kwa bata wa porini, kirusi hukaa hasa kwenye utumbo. Bata haumwi, au anaumwa kidogo mno kiasi cha kutoonekana, na wakati huo huo kinyesi chake kinatoa virusi kwa mamilioni. Anaogelea, anajisaidia majini, mwenzake anakunywa. Kwa hiyo maji ndiyo yanayosafirisha maambukizi, kazi ambayo kwa mafua ya watu hufanywa na hewa.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Robert Webster na wenzake walipima muda ambao virusi hivi hudumu nje ya mwili. Katika maji ya ziwa yenye nyuzi joto 22 za Selsiasi, vilibaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku 4. Katika maji ya nyuzi 0 vilivuka siku 30. Uchunguzi uliofuata uliongeza kwamba virusi hupenda maji yasiyo na chumvi nyingi, na hudumu vizuri zaidi maji yanapoegemea kidogo upande wa alikali. Jua kali, ukavu na chumvi vinaviua upesi. Baridi, kivuli na tope bichi vinavitunza.

Mtu aweza kusema: basi kwenye nchi za joto tumesalimika. La hasha. Maji ya joto hufupisha maisha ya kirusi, lakini ndege wakiwapo kila siku wanaongeza kingine kila siku. Tena ukame una hila yake. Maji yanapopungua, ndege waliokuwa wametawanyika kwenye vidimbwi elfu hujikusanya kwenye bwawa moja lililobaki, na hilo bwawa ndilo watu na mifugo yao wanalotegemea. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2006 katika nchi kadhaa za Afrika ulikuta virusi vya mafua kwa ndege waliohamia kutoka Ulaya na Asia, na pia kwa jamii za ndege ambao makazi yao ni Afrika mwaka mzima.

Virusi hivi hupewa majina kwa protini mbili zilizo juu ya gamba lake. Ya kwanza ni H, ambayo kirusi hutumia kung'ang'ania seli na kuingia. Ya pili ni N, ambayo humsaidia mtoto wa kirusi kuachana na seli alimozaliwa. Kwa ndege zinajulikana H za aina 16 na N za aina 9, na karibu kila mchanganyiko umewahi kuonekana kwenye ndege wa majini. Nyingi ya aina hizo hazina madhara makubwa kwa yeyote.

Aina za H5 na H7 ndizo zenye tabia ya kubadilika vibaya. Ili protini ya H ifanye kazi, ni lazima ikatwe sehemu maalumu na kimeng'enya cha mwenyeji, yaani protini ya mwili inayofanya kazi kama mkasi. Katika virusi vya kawaida, kimeng'enya kinachoweza kuikata kinapatikana kwenye utumbo na njia ya hewa tu, hivyo maambukizi yanabaki huko. H5 au H7 inapoingia kwenye kundi kubwa la kuku na kupita kutoka kuku mmoja hadi mwingine, sehemu ile ya kukatwa huweza kubadilika ikawa inakatwa na vimeng'enya vilivyomo katika kila kiungo cha mwili. Kirusi kinapata ruhusa ya kwenda ubongoni, moyoni, figoni, kila mahali. Kuku aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kuwa amekufa kesho yake, na kundi zima likaisha ndani ya siku mbili tatu.

Angalia mabadiliko hayo yanafanyika wapi. Ndege wa porini alileta kirusi kipole; ukali umepatikana bandani, mikononi mwetu. H5N1 iliyotapakaa duniani leo inafuatiliwa hadi kwa bata bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata Hong Kong ilipata wagonjwa 18, sita wakafa, na serikali ikachinja kuku wote wa eneo hilo, zaidi ya milioni moja. Mwaka 2005 kirusi kikali kilirudi porini kwa kishindo: maelfu ya ndege walikufa kwenye Ziwa Qinghai, magharibi mwa China. Mwaka 2006 Nigeria ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitisha ugonjwa huu. Na tangu 2020 tawi jipya la ukoo huohuo limefika Ulaya, Afrika, Amerika zote mbili hadi pembe za Antaktika, likiua ndege wa baharini na hata simba bahari. Kwa hiyo anayesema ndege wa porini ndio wanaotuletea ugonjwa anasema nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba sisi tuliwapa kwanza.

Kutoka bwawani hadi uani

Kuku haendi bwawani kuogelea. Anayekwenda ni bata wa kufugwa. Mchana kutwa huchangamana na bata wa porini, hula tope lilelile, na jioni hurudi nyumbani kulala jirani na kuku. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye kiungo kinachopuuzwa kuliko vyote. Kuku akipata H5N1 kali anakufa, na kifo chake ni kengele. Bata wa kufugwa huweza kukibeba kirusi kikali kilekile na kukitoa kwa siku kadhaa huku akitembea, akila na kutaga kama kawaida. Mlipuko wa mwaka 2004 nchini Thailand ulipochunguzwa, mahali palipougua sana hapakuwa lazima pale penye kuku wengi. Palihusiana kwa karibu na bata wanaochungwa huria kwenye mashamba ya mpunga baada ya mavuno.

Njia ya pili ni ndoo. Mfugaji anachota maji bwawani na kuyamimina kwenye chombo cha kuku na hori la nguruwe. Hakuna ndege wa porini aliyekanyaga uani, lakini kinyesi chake kimeletwa kwa mkono. Majani yanayokatwa kando ya maji na kuletwa kama malisho yana hatari ileile, hasa yakiwa bado mabichi.

Kisha kuna miguu na magurudumu. Tope lililonasa kwenye kiatu, kwato au tairi la baiskeli linatosha. Kuna pia mwindaji anayenyonyoa bata wa porini uani na kuwatupia nguruwe matumbo. Ndege wadogo kama shomoro, wanaodokoa pumba bandani, hutajwa sana, na ni kweli huweza kubeba kirusi. Hata hivyo ukiwapanga kwa uzito, maji na mtu wako mbele yao kwa mbali. Ugonjwa ukishaingia kwenye eneo, kinachousambaza kutoka boma hadi boma mara nyingi ni biashara: matenga yasiyooshwa, trei za mayai, mchuuzi anayezunguka, na kuku ambao hawakupata mnunuzi sokoni na kurudishwa kundini jioni.

Hapa inafaa kumtetea kidogo mfugaji wa nyumbani. Boma lake lina matundu mengi ya kuingilia kirusi, lakini lina kuni chache za kuuchochea moto. Kuku kumi na watano wakiugua, kirusi kinakosa wa kuambukiza na kinaishia hapo. Banda la kuku elfu hamsini lina ulinzi mzuri zaidi mlangoni, ila kirusi kikipenya ndani kinapata nafasi ya kuzaliana na kubadilika isiyo na mfano. Tatizo la boma dogo ni jingine: huko ndiko kuku, bata, nguruwe, mbwa na watoto wanaishi hatua chache kutoka kwa kila mmoja. Shamba kubwa la kuku huwa na kuku tu.

Na kutokufa kwa kuku si ushahidi wa usalama. Aina ya H7N9 iliyoibuka China mwaka 2013 haikuwaumiza kuku hata kidogo mwanzoni, ilhali iliwaambukiza watu zaidi ya 1,500 na kuua karibu wanne katika kila kumi. Aina ya H9N2, iliyoenea Asia na Mashariki ya Kati na kufika pia Afrika, mara nyingi hupunguza mayai tu na kumfanya kuku apige chafya; mfugaji anadhani ni baridi. Wakati huo inazunguka kimyakimya na kuazima vipande vyake vya vinasaba kwa aina nyingine.

Nguruwe anaingiaje

Kuazima huko ndiko kunakomleta nguruwe katika habari hii. Vinasaba vya kirusi cha mafua havikuungana kuwa uzi mmoja. Vimegawanyika vipande 8. Seli moja ikivamiwa na virusi viwili tofauti kwa wakati mmoja, vyote viwili vinazalisha vipande vyake humo humo, na wakati wa kufungasha virusi vipya hakuna anayehakikisha kila kipande kimerudi kwa mwenyewe. Ni kama mafundi cherehani wawili wanaoshona mashati kwenye meza moja: mkono wa shati la huyu ukaishia kwenye shati la yule, na shati likatoka zima, linavalika. Kwa vipande 8 kutoka kwa wazazi wawili, michanganyiko inayowezekana ni 256, miwili kati yake ikiwa wazazi wenyewe. Mingi haifai kitu na hufa. Inatosha mmoja ufae.

Lakini virusi viwili viingie seli moja kwanza. Kirusi cha ndege na cha binadamu hushika sukari za namna mbili tofauti zilizo juu ya seli, na kwa kawaida kila kimoja kinashindwa kushika vizuri mahali pa mwenzake. Njia ya hewa ya nguruwe ina sukari za namna zote mbili. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 wanasayansi wamekuwa wakimwita nguruwe chombo cha kuchanganyia mafua.

Historia inaunga mkono wazo hilo, ingawa si kwa urahisi unaosimuliwa mitaani. Mwaka 1979 kirusi cha H1N1 kutoka kwa ndege kilihamia kwa nguruwe wa Ulaya na kukaa. Mwaka 1998 nguruwe wa Amerika ya Kaskazini walikutwa na kirusi chenye vipande kutoka kwa binadamu, ndege na nguruwe kwa pamoja. Miaka kumi na moja baadaye, vizazi vya virusi hivyo viwili vilivyokuwa mabara tofauti vikawa vimekutana na kuchanganyika ndani ya nguruwe, utafiti ukionyesha kuwa ni Mexico, na kikazaliwa kirusi cha janga la mafua la mwaka 2009. Makadirio ya vifo katika mwaka wake wa kwanza ni kati ya 151,700 na 575,400 duniani kote. Majanga ya mafua ya 1957 na 1968 nayo yalitokana na kuchanganyika kwa vipande vya virusi vya binadamu na vya ndege, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba nguruwe ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano huo.

Utafiti wa karibuni umepunguza upekee wa nguruwe. Kware ana sukari za namna zote mbili. Binadamu naye anazo za namna ya ndege, ndani kabisa ya mapafu na kwenye macho, na ndiyo sababu mtu anayevuta vumbi la banda lenye H5N1 anaweza kuugua vibaya bila nguruwe yeyote kuhusika. Kinachomfanya nguruwe abaki na uzito ni maisha anayoishi. Anakula chochote, ukiwamo mzoga wa kuku. Analala alipo bata. Kila siku anahudumiwa na mtu anayepumulia karibu na pua yake. Na zizi linalozaa watoto mfululizo lina wenyeji wapya ambao hawajawahi kuambukizwa, kwa hiyo mafua yake hayaishi.

Jambo linalowashangaza wengi ni mwelekeo wa maambukizi. Tunaogopa mafua ya nguruwe yasije kwetu, wakati mara nyingi zaidi yetu ndiyo yanayokwenda kwao. Kirusi cha 2009 kimerudishwa kwa nguruwe na binadamu tena na tena, katika mabara yote yenye ufugaji wa nguruwe. Maana yake ni kwamba mfugaji mwenye mafua anayeingia zizini kulisha analeta nusu ya mahitaji ya mchanganyiko. Bata aliyelala ukutani mwa zizi analeta nusu nyingine.

Je, H5N1 hupata nguruwe kirahisi? Nchini Indonesia, kati ya 2005 na 2007, nguruwe 702 walipimwa, na asilimia 7.4 wakakutwa nacho. Hawakuonekana wagonjwa. Kirusi kimoja kati ya vilivyopatikana kilikuwa kimejifunza kushika sukari ya namna ya binadamu. Hiyo ni habari ya kutia wasiwasi. Habari ya kutuliza ni kwamba majaribio ya maabara yameonyesha H5N1 haisambai vizuri kutoka nguruwe hadi nguruwe. Hadi sasa huingia, hugonga mwamba, hutoka. Kila kuingia, hata hivyo, ni jaribio jipya la kirusi, na majaribio hayo tunaweza kuyapunguza.

Magonjwa yanayofanana

Kuku wakianza kufa kwa wingi, mfugaji wa kawaida anasema kideri, na mara nyingi atakuwa sahihi. Kideri pia huua haraka, pia huleta kuhara na kupumua kwa shida, pia hupinda shingo. Mafua makali ya ndege huongeza kuvimba kichwa, upanga kugeuka rangi ya zambarau, na madoa ya damu miguuni, lakini kuna makundi ambayo kuku hufa kabla hata ya dalili kujitokeza. Kwa macho hakuna wa kutofautisha kwa uhakika, awe mfugaji au daktari. Ni maabara tu. Kuku waliochanjwa kideri sawasawa wakifa ghafla kwa wingi, hapo shaka iongezeke maradufu.

Kwa nguruwe mkanganyiko ni kinyume. Homa ya nguruwe ya Afrika, inayoteketeza mazizi, haina undugu wowote na mafua na haiambukizi binadamu. Mafua ya nguruwe ni mapole: homa, kikohozi kikavu, kulala sana, kugoma kula kwa siku chache, kisha wengi wanapona ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo nguruwe wakifa wote, huenda si mafua. Wakikohoa wakapona, huenda ndiyo, na kwa kuwa wamepona hakuna anayepeleka sampuli popote.

Kinachofuata baada ya kuku wa kwanza kufa ndicho kinachoamua ukubwa wa mlipuko, na hapa sina budi kusema wazi. Mfugaji akijua kwamba akitoa taarifa kuku wake wote watauawa bila fidia, atauza waliobaki kabla ya jua kuzama. Ni uamuzi wa mtu anayetetea chakula cha watoto wake. Mamlaka inayochinja bila kulipa inanunua ukimya, na ukimya huo ndio unaosafirisha kirusi hadi soko linalofuata.

Mtu yuko hatarini kiasi gani

Tangu 2003, Shirika la Afya Duniani limeorodhesha zaidi ya watu 900 walioambukizwa H5N1, na karibu nusu yao walikufa. Uwiano huo unatisha kupita hali halisi, kwa sababu waliougua kidogo mara nyingi hawakufika hospitali wala kupimwa. Wagonjwa wengi wa Marekani mwaka 2024, wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe wa maziwa na kuku, walipata macho mekundu na mafua mepesi. Lakini mgonjwa mmoja wa jimbo la Louisiana, mtu wa zaidi ya miaka 65 mwenye maradhi mengine, alifariki Januari 2025. Alikuwa amekutana na kuku wa kufugwa nyumbani na ndege wa porini.

Kirusi hiki bado hakijapata uwezo wa kuenea mfululizo kutoka mtu hadi mtu. Walioambukizwa wengi walikuwa wamemshika ndege mgonjwa au mzoga: kuchinja, kunyonyoa, kupasua matumbo, au mtoto kucheza na kifaranga kilichodhoofu. Hatari iko kwenye kuchinja na kunyonyoa kuliko kwenye sahani. Nyama na mayai yaliyoiva hadi ndani kabisa, kwa joto la nyuzi 70, hayana kirusi hai. Damu na kinyesi vilivyorukia usoni wakati wa kuandaa ndivyo vya kuogopa.

Kwa boma moja, uwezekano wa mambo haya yote kutokea ni mdogo sana. Ugumu wa kushauri uko hapo: hatua za kujilinda zinamgharimu mfugaji leo, wakati faida yake kubwa inaonekana ukijumlisha maboma mamilioni kwa miaka mingi. Nitashikilia basi zile zinazomlipa mfugaji mwenyewe pia, kwa kuwa zinazuia kideri, kuhara na minyoo kwa wakati mmoja.

Kukata makutano

Ningeanza na maji. Kuku na nguruwe wasinywe moja kwa moja bwawani wala wasiletewe maji ya bwawa mabichi. Maji ya kisima kilichofunikwa ni bora. Ya mvua yanafaa, ila paa nalo lina kinyesi cha ndege, hivyo mvua ya kwanza iachwe imwagike kabla ya kukinga. Kama bwawa ndilo pekee lililopo, maji yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa, ndipo yatiwe klorini. Klorini kwenye maji ya tope inamalizwa na tope lenyewe kabla ya kukifikia kirusi. Gamba la nje la kirusi hiki ni la mafuta, na sabuni ya kawaida hulivunja, kwa hiyo kuosha vyombo kwa sabuni na kuvianika juani kuna nguvu kuliko inavyodhaniwa.

Pili, bata. Kuwazuia kabisa wasiende majini kunawezekana kwa wachache. Kinachowezekana kwa wengi ni kuwapa banda lao, chombo chao cha maji na mlango wao, mbali na kuku na mbali zaidi na nguruwe, na kuwafungia katika majira ambayo ndege wahamiaji wamejaa. Bata anayetoka sokoni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Tatu, nguruwe awe na uzio ambao kuku na bata hawapenyi, na asipewe mzoga wala matumbo ya ndege kwa hali yoyote. Mwenye mafua amwachie mwingine kazi ya zizini. Akikosa mtu, afunike pua na mdomo na anawe kabla ya kuingia. Chanjo ya mafua ya kila mwaka, pale inapopatikana, haimkingi mtu dhidi ya H5N1, lakini inapunguza nafasi ya virusi viwili kukutana ndani yake au ndani ya nguruwe wake.

Viatu vya bwawani visiingie bandani. Samadi ya kuku isimwagwe bichi kwenye bwawa la samaki, desturi inayosifiwa kwa kurutubisha maji. Ilundikwe na kufunikwa wiki kadhaa ioze na kupata joto. Mizoga ifukiwe kwa kina ambacho mbwa hafukui, mbali na maji.

Chanjo ya kuku ipo na imewahi kufanya kazi nzuri: China ilipoanza kuchanja kuku dhidi ya H7 mwaka 2017, wagonjwa wa H7N9 walikaribia kutoweka. Ufaransa nayo ilianza kuchanja bata mwaka 2023. Ila chanjo bila upimaji huweza kuficha, kuku akawa hafi lakini bado anatoa kirusi. Nchi nyingi zinataka mpango maalumu wa serikali kabla ya kuiruhusu, na katika hili naona zina haki.

Yapo mawili ambayo husemwa kila mlipuko ukitokea na ambayo hayasaidii: kuua ndege wa porini na kukausha vinamasi. Ndege wanaofukuzwa kwa risasi hutawanyika na kwenda na kirusi chao mahali papya. Kinamasi kikikaushwa, ndege hawatoweki. Wanahamia kwenye majaruba ya mpunga na mabwawa ya watu, yaani wanasogea karibu zaidi na kuku.

Kuku au bata kadhaa wakifa ghafla ndani ya siku moja au mbili, asiwepo wa kuuza, kuchinja wala kugawa waliobaki. Apigiwe simu ofisa mifugo, aelezwe wameanza kufa lini, wangapi kwa siku, kama walichanjwa kideri na lini, kama kuna bata wanaokwenda majini, kama kuna nguruwe na wanakohoa, na kama kuna mtu nyumbani mwenye homa au macho mekundu. Mzoga mmoja au miwili iliyokufa karibuni iwekwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa vizuri, kivulini, bila kupasuliwa, hadi atakapofika kuichukua.